Deni la Kuwapo

Alasiri ya mwisho ya likizo, rubani wa ndege za mizigo hujifungia chumbani, hushusha mapazia mazito na kujaribu kulala ilhali jua bado liko juu. Familia imerudi jana kutoka ziwani. Nguo zenye mchanga zimerundikwa mbele ya mashine ya kufulia, na mtoto wa miaka minane anataka wamalize mchezo wa karata waliouacha katikati asubuhi. Saa moja ya jioni baba ataondoka nyumbani, atapanda ndege kama abiria hadi Memphis, na kabla ya alfajiri atakuwa ameketi mbele ya usukani wa ndege yenye shehena ya tani zipatazo 100 akielekea Anchorage. Asipolala sasa, hatapata usingizi wa maana mpaka kesho. Akilala, saa nne za mwisho za likizo, zile ambazo mtoto amekuwa akizihesabu tangu siku ya kwanza, zitapotelea nyuma ya mlango uliofungwa.

Rubani huyu hana jina, kwa kuwa ni wengi. Anaishi mji mmoja na kituo chake cha kazi kiko mji mwingine, kama ilivyo kwa maelfu ya marubani wa Marekani. Hupangiwa safari za siku sita, kumi, au zaidi, kisha hurudi nyumbani kwa siku kadhaa, na mara moja au mbili kwa mwaka hupata likizo ndefu ya kwenda mahali na mkewe na watoto. Mshahara wake ni mzuri. Hakuna anayemwonea huruma, wala yeye haombi huruma ya mtu. Hata hivyo alasiri yake inabeba swali ambalo falsafa ya maadili imelizunguka kwa muda mrefu bila kulimaliza: mtu mwenye wajibu mbili zisizoweza kutimizwa kwa pamoja, akiisha kutimiza mojawapo, ile nyingine huenda wapi?

Ili swali lisibaki hewani, sharti kwanza ifahamike kazi yenyewe. Kampuni ya Federal Express ilianza usiku wa tarehe 17 Aprili 1973 mjini Memphis kwa ndege 14 ndogo zilizobeba vifurushi 186 kwenda miji 25. Wazo lilikuwa jepesi: mizigo yote iletwe usiku mahali pamoja, ichambuliwe, kisha itawanywe kabla ya mapambazuko, hata kama mtumaji na mpokeaji ni majirani. Mpango huo sasa ndio desturi ya dunia nzima. Louisville, Leipzig, Cologne na Guangzhou hukesha kwa namna hiyo hiyo. Ndege hutua mfululizo kuanzia kama saa nne za usiku, makontena hushushwa, mikanda huzunguka, na kufikia saa tisa au saa kumi ndege zile zile huondoka tena zikiwa zimebeba vitu vya watu wengine. Wakati huo huo mwili wa binadamu, kwa maumbile yake, unadai usingizi kuliko saa nyingine yoyote. Kazi nzima imejengwa juu ya saa ambazo mwili unazikataa.

Tarehe 12 Februari 2009, ndege ya abiria, safari ya Colgan 3407, ilianguka karibu na Buffalo, jimbo la New York, na watu 50 wakafa, mmoja wao akiwa ndani ya nyumba yake. Uchunguzi ulionyesha kwamba msaidizi wa rubani alikuwa amevuka Marekani nzima usiku uliotangulia, kutoka Seattle hadi Newark, akisafiri katika ndege za mizigo zilizopitia Memphis. Nahodha wake naye alikuwa amepitisha usiku katika chumba cha wafanyakazi uwanjani. Familia za marehemu hazikunyamaza, na kutokana na shinikizo lao zikaja kanuni mpya za mapumziko ya marubani, zilizotangazwa mwishoni mwa 2011 na kuanza kutumika Januari 2014. Kanuni hizo zinampa rubani saa 10 za mapumziko kabla ya zamu, zikiwa na nafasi ya saa nane za kulala, na zinapunguza saa za kuruka kwa wale wanaoanza kazi usiku.

Marubani wa mizigo waliachwa nje. Sababu iliyotolewa na mamlaka ya usafiri wa anga ni hesabu: gharama ya kuwaingiza ingezidi faida, na faida ilipimwa, pamoja na mambo mengine, kwa idadi ya roho ambazo zingeokolewa. Ndege ya mizigo ina watu wawili, watatu, pengine wanne. Ndege ya abiria ina mamia.

Ni rahisi kuikejeli hesabu hii, na haistahili kejeli tupu. Serikali yoyote inayogawa fedha za umma hupima maisha kwa namna fulani, ikiri isikiri. Kosa la hesabu hii liko kwingine. Kwanza, inasahau walio chini. Tarehe 4 Oktoba 1992 ndege ya mizigo ya El Al iliangukia majengo ya makazi ya Bijlmermeer, Amsterdam, mtaa wa wahamiaji wengi kutoka Suriname na Ghana, ikaua watu 43. Ndani ya ndege walikuwamo wanne tu. Januari 1996 ndege ya mizigo ilishindwa kupaa Kinshasa, ikaingia sokoni na kuua watu zaidi ya 200. Chanzo cha ajali hizo hakikuwa usingizi, lakini zinaonyesha kwamba ndege isiyo na abiria haina maana ya ndege isiyo na watu. Pili, na hili ndilo zito zaidi kwa hoja yetu, hesabu ile inamgeuza rubani kuwa kitu cha kuhesabiwa wakati yeye ndiye aliyekabidhiwa dhamana. Uchovu wa mwanadamu haujui kama nyuma ya mlango wa chumba cha marubani kuna abiria 300 au masanduku ya simu.

Kabla ya kanuni hizo kuanza, tarehe 14 Agosti 2013, ndege ya UPS, safari 1354, iliyotoka Louisville iligonga kilima ikikaribia uwanja wa Birmingham, Alabama, kabla ya mapambazuko. Marubani wote wawili walikufa. Kinasa sauti kilikuwa kimehifadhi mazungumzo yao ya usiku ule, wakijadili kwamba sheria za mapumziko zijazo hazitawahusu wao. Ripoti ya bodi ya usalama wa usafiri ilitaja makosa ya namna ndege ilivyoshushwa, kisha miongoni mwa mambo yaliyochangia ikataja uchovu wa msaidizi wa rubani, uliotokana na jinsi alivyotumia muda wake nje ya kazi.

Maneno hayo yanahitaji kusomwa mara mbili. Muda wake nje ya kazi. Mwajiri alikuwa amempa saa za kupumzika, naye hakuzilala zote. Bodi haikukosea kusema hivyo. Kazi yake ni kutafuta chanzo, na chanzo kilikuwapo. Lakini sentensi ile inafichua jambo ambalo mikataba ya kazi hailisemi waziwazi: saa za mapumziko za rubani si mali yake kamili. Zimekopwa. Wako watu ambao hawamjui, waliolala chini ya njia ya ndege yake, wenye haki juu ya alasiri yake. Wao ni mwia, naye ni mwiwa, na deni lenyewe hulipwa kwa kufumba macho.

Kwa hiyo rubani wetu aliyejifungia chumbani anafanya kazi tayari. Likizo yake iliisha pale aliposhusha pazia, saa kadhaa kabla ya kuondoka, na huenda hilo ndilo mtoto asiloweza kuelezwa. Baba yuko nyumbani, viatu vyake viko mlangoni, na bado hayupo.

Lugha ya Kiswahili ina bahati katika jambo hili. Kitenzi *likiza* kina maana mbili: kumpa mtu ruhusa ya kupumzika kazi, na kumwachisha mtoto ziwa. Nomino *likizo* imebeba maana ya kwanza hadi maofisini na mashuleni, na ile ya pili imebaki kwa wazee na kwenye kamusi. Ukizisoma pamoja, likizo ya familia inaonekana kwa sura nyingine. Mzazi anayerudi kwa siku kumi hulisha kwa wingi, hucheka kwa sauti, hununua vitu, hukubali kila ombi, kisha hukatiza. Mtoto huzoeshwa na kuachishwa, huzoeshwa na kuachishwa. Wanaoishi Muscat, London au Minneapolis na kuwaacha watoto kwa bibi yao Tanga au Bujumbura wanaijua hali hii kuliko rubani yeyote, na wengi wao hawana siku kumi kila mwaka. Mfanyakazi wa ndani katika nyumba za Ghuba, ambaye hati yake ya ukaazi imefungamanishwa na mwajiri mmoja, huweza kukaa miaka miwili bila kuona nyumbani. Rubani ni mfano mwepesi zaidi, na huo ndio ubora wake kama mfano: ukiondoa umaskini, ukiondoa dhuluma, ukiondoa pasipoti iliyoshikiliwa, tatizo bado lipo.

Makosa ya kawaida hapa ni kuichukua likizo kama malipo. Mtu hakuwapo siku 180, basi ziwani atakuwapo mara mbili. Atavua samaki na mtoto asubuhi, atapika yeye jioni, hatagusa simu. Nia ni njema na siku zenyewe huwa nzuri kweli. Hakuna haja ya kuzidharau. Ila kuwapo hakulimbikizwi wala hakulipwi kwa mkupuo. Jino lililong'oka mwezi Machi liling'oka mwezi Machi. Asiyekuwapo na lake halipo, walisema wahenga, na methali hiyo kwa kawaida hutumiwa kumwonya anayechelewa kugawana. Ina ukali zaidi ikisomwa kwa upande wa nyumba. Nyumba isiyokuwa na baba kwa nusu ya mwezi haikai ikimsubiri. Hujipanga upya. Mke hujua fundi wa bomba ni nani, mtoto mkubwa hujua kuwasha jenereta theluji inapokata umeme, na vijiko huhamia droo nyingine. Anaporudi huulizwa kama anataka chai. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Naye siku ya tatu analitafuta jembe na kukuta kila moja lina mwenyewe.

Hapa inafaa kuwakumbuka mabaharia wa jahazi, na si kwa ajili ya kupamba. Neno rubani lenyewe lilikuwa la baharini kabla ya kupanda angani: ndiye aliyejua miamba na mikondo na kukiongoza chombo bandarini. Mwaustralia Alan Villiers alisafiri msimu wa 1938 hadi 1939 katika jahazi la Kikuwait liitwalo Bayan, wakashuka na kaskazi hadi Zanzibar na delta ya Rufiji, wakapakia boriti za mikoko na kurudi Kuwait na kusi. Mabaharia wale walikuwa mbali na nyumbani kwa miezi mingi, wengi wakiwa na madeni kwa nahodha, na wengine wakiwa na mke wa pili kwenye bandari ya pili. Hapana haja ya kuwatamani. Lakini kutokuwapo kwao kulikuwa na sura ambayo kutokuwapo kwa rubani hakuna. Upepo uliwachukua wote pamoja na kuwarudisha wote pamoja. Katika mji wa Sur au Kuwait, mwanamke aliyekuwa peke yake alikuwa peke yake pamoja na mtaa mzima, na mtoto aliyeuliza baba anarudi lini alijibiwa kwa majira ambayo hata mbuzi waliyajua. Kaskazi ilikuwa kalenda ya pamoja. Rubani wa leo huomba zamu zake kila mwezi kwa mpangilio wa ukongwe kazini: aliyetangulia kuajiriwa huchagua Krismasi nyumbani, aliyeajiriwa juzi huchaguliwa na mabaki. Hakuna jirani mwingine anayeondoka siku ile. Nyumba moja inapungukiwa na mtu mmoja, na mtaa unakata majani yake kama kawaida.

Pengine basi mzigo wenyewe utahalalisha jambo. Antoine de Saint-Exupéry, aliyekuwa rubani wa barua, aliliuliza swali hili katika riwaya yake *Vol de nuit* ya 1931. Msimamizi Rivière hutuma ndege za barua usiku juu ya Amerika ya Kusini kwa sababu kila kilichopatwa mchana dhidi ya treni na meli hupotea ndege zikilala. Rubani Fabien anapotelea katika dhoruba akitoka Patagonia, na mkewe anakuja ofisini. Rivière anajua kwamba hakuna barua yenye thamani ya mtu, na bado anaamuru ndege inayofuata iondoke. Riwaya inamwona mkubwa kwa hilo. Msomaji wa sasa ana haki ya kusita, hasa akijua kwamba nyuma ya rubani wake hakuna hata barua: kuna vifuniko vya simu, viatu vya saizi isiyofaa vinavyorudishwa, na labda, katika kontena moja, dawa inayosubiriwa na hospitali. Rubani haambiwi kipi ni kipi, isipokuwa mizigo ya hatari na wanyama. Hawezi kujifariji kwa dawa bila kubeba pia vifuniko.

Lakini dharau kwa mzigo nayo ina hatari zake. Waridi za Naivasha hukatwa, hupozwa, husafirishwa kwa lori hadi Nairobi na kuruka usiku kwenda Amsterdam. Nani atasema kwamba dunia inahitaji waridi mwezi wa Februari? Aprili 2010 majivu ya volkano ya Iceland yalifunga anga ya Ulaya kwa siku kadhaa. Maua yalitupwa Naivasha, na wafanyakazi wa mashamba wakarudishwa nyumbani bila ujira. Mwanamke anayekata waridi alfajiri naye ameacha mtoto amelala, au amemwacha kwa mama yake Kisii. Kipuuzi kilichomo ndani ya kontena ni chakula cha mtu aliye upande wa pili wa kontena. Mwandishi na msomaji wa makala kama hii hawako nje ya mnyororo huo; kitabu kilichoagizwa jana na kufika leo kiliruka usiku, na kuna mtu alilala mchana ili kifike.

Kwa hiyo si mzigo utakaoamua. Kinachobaki ni zile wajibu mbili, na mlango uliofungwa katikati yake. Kant, katika kitabu chake cha maadili cha 1797, alishikilia kwamba wajibu mbili haziwezi kugongana. Kinachogongana ni misingi ya wajibu, na ule msingi wenye nguvu ukishinda, mwingine haukuwa wajibu kwa wakati ule. Kwa Kant rubani akilala amemaliza. Hakuna deni. Mtoto ana huzuni, na huzuni si hoja. Mwingereza Bernard Williams, katika insha ya 1965 kuhusu uthabiti wa maadili, alipinga: mtu akichagua mojawapo ya wajibu mbili, na akachagua sawasawa, ile aliyoiacha haifutiki. Hubaki, na majuto anayoyahisi si dalili ya kukosea katika kufikiri.

Williams yuko karibu zaidi na ukweli wa nyumba hii, ila anaacha jambo moja. Majuto, kwake, ni ya mtendaji. Yamo moyoni mwake, yanamhusu yeye na utimilifu wake. Katika alasiri inayozungumzwa hapa, anayebaki na salio la wajibu si rubani peke yake. Mtoto analo mkononi: karata tano alizokuwa ameshika, zamu iliyokuwa yake. Deni lisilolipika kwa sababu nzuri bado ni deni, na mwia ana haki ya kuambiwa hivyo. Wazazi wengi waishio mbali hukosea hapo, wala si katika kuondoka. Husema, nafanya haya yote kwa ajili yako. Kauli hiyo inaweza kuwa kweli tupu, ada ya shule inalipwa kwa fedha ile ile. Mkono mtupu haulambwi. Lakini kwa kusemwa, inamgeuza mwia kuwa mwiwa. Mtoto aliyekuwa akidai baba sasa anadaiwa shukrani. Sadaka imebatilishwa na masimango, na aliyenyimwa ndiye anayetakiwa kuomba radhi kwa kulia.

Rubani anaweza kusema jambo jingine, gumu zaidi na fupi zaidi: nilipaswa kumaliza mchezo ule na wewe, na sikuumaliza. Bila kuongeza lakini. Kauli hiyo haimwondolei wajibu wa kulala, wala haimpi mtoto saa nne. Inaacha tu hesabu zikiwa sahihi kati ya watu wawili, jambo ambalo mamlaka zenye wachumi na kompyuta hazikuweza kulifanya kwa marubani wake.

Iko pingamizi kwamba mtu angeweza kuacha kazi. Wako walioacha. Lakini miaka 20 ya ukongwe haihamishiki kutoka kampuni moja hadi nyingine. Anayehama huanza chini, na zamu mbaya zaidi, na Krismasi hewani. Tena kuna jambo ambalo si adabu kulitaja mbele ya familia: anaipenda. Anapenda Alaska ikitokea chini ya mawingu saa ambayo si usiku wala asubuhi, na milima yenye theluji ya rangi isiyokuwa na jina. Anapenda ukimya wa chumba kile, watu wawili wakisomeana orodha za ukaguzi kwa sauti isiyo na hisia. Mapenzi hayo hayamo katika kauli ya nafanya haya kwa ajili yako, na mtoto mwenye miaka minane hushuku kwamba yapo muda mrefu kabla hajaweza kuyataja.

Saa kumi na mbili kasoro robo kengele ya simu inalia. Rubani amelala saa tatu na nusu, usingizi mzito kuliko alivyotegemea, na mwanzoni hajui yuko ziwani au Osaka. Anaoga, anavaa shati jeupe, anaweka vitambulisho mfukoni. Sebuleni karata zimekusanywa na kufungwa kwa mpira. Mtoto yuko kwa jirani, mkewe anamwambia. Alisubiri kidogo, kisha akaitwa kwenda kuogelea. Anakaa mezani dakika chache akinywa kahawa na kutazama saa. Kisha anachukua mkoba, anakatisha uwanja wa nyuma kwa viatu vyake vya kazi hadi kwenye uzio wa jirani, na kumwita mtoto kwa jina. Watoto ni wengi majini, na kelele ni nyingi. Anaita tena.